Kabati la Mawasiliano Kando ya Barabara: Jinsi Lilivyoundwa na Kwa Nini Linahitaji Ulinzi Wetu



Anayesafiri kwa Barabara ya Taifa Nambari 3, kutoka Bujumbura kupitia Magara, Minago na Rumonge hadi Nyanza-Lac na kuelekea mpaka wa Tanzania, hupita mara nyingi karibu na sanduku kubwa la chuma lenye rangi ya kijivu au nyeupe. Husimama juu ya jukwaa la zege, aghalabu chini ya mnara wa simu, ndani ya uzio. Baadhi yetu huliita boksi la mtandao. Mafundi huliita kabati. Halina dirisha, mlango wake hufunguliwa kwa nadra, na usiku husikika likivuma. Kitu kisichojulikana huzaa uvumi, na uvumi huzaa ama woga ama tamaa. Ndiyo maana tumeona vyema kulieleza katika toleo hili.

Tuchukue mfano wa usiku mmoja wa masika. Mvuvi wa ndagala ametoka Rumonge jioni pamoja na wenzake. Saa nane za usiku upepo unageuka, injini inazima, na mtumbwi unaanza kusukumwa mbali na pwani. Simu ipo mfukoni, ina chaji na ina salio. Anapiga, wala haiendi. Saa mbili kabla ya hapo, nchi kavu, mtu mmoja alivunja mlango wa kabati na kuondoka na betri. Umeme wa kawaida ulipokatika, mnara ukazima. Aliyeiba hakumwona mvuvi, wala mvuvi hatamjua mwizi. Lakini baina yao palikuwa na mlango mmoja wa chuma, na mlango huo ndio tunaotaka kuuzungumzia.

Ndani ya kabati mna nini

Tuanze na yasiyokuwamo. Ndani ya kabati hamna fedha, hamna dhahabu, wala hamna zebaki. Mna mitambo iliyofungwa kwa skurubu katika fremu ya chuma yenye upana wa inchi 19, kipimo kinachotumika ulimwenguni kote ili mtambo wa kiwanda chochote uweze kuingia katika kabati lolote. Mitambo hiyo hupokea sauti na ujumbe kutoka kwenye antena za mnara, kisha huupeleka kwa mawimbi hadi mnara mwingine au kwa mkongo, yaani nyuzi nyembamba za kioo zinazopitisha mwanga.

Chini ya mitambo mna sehemu ya umeme. Umeme wa REGIDESO unapoingia, kifaa maalumu huugeuza kuwa umeme wa volti 48 wa mkondo mnyoofu, ambao ndio unaotumiwa na mitambo mingi ya mawasiliano. Umeme huohuo hujaza betri. Umeme wa gridi unapokatika, betri hushika zamu papo hapo, na mtu aliyekuwa akizungumza kwa simu hatambui lolote. Baada ya saa kadhaa, kulingana na ukubwa na umri wa betri, ni lazima jenereta iwake au paneli za jua zisaidie; vinginevyo mnara hunyamaza. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara na dizeli haipatikani kwa urahisi, betri ndiyo moyo wa kabati.

Mvumo unaosikika usiku si jambo la ajabu. Ni feni zinazotoa joto.

Maji na vumbi

Mwambao wetu hupata mvua kuanzia mwezi wa tisa au wa kumi hadi mwezi wa tano, na mara nyingi mvua hiyo huja na upepo wa ziwani unaoirusha kwa ubavu. Kwa sababu hiyo kabati la nje haliwezi kuwa kama kabati la ofisini. Paa lake lina mteremko na limetokeza mbele ya mlango ili maji yasidondokee kwenye ufa. Kando ya mlango wote hupita ukanda wa mpira laini. Mlango ukifungwa, mpira hubanwa na kuziba kila mwanya. Nyaya zote huingilia chini, si juu wala ubavuni, na kila waya hupita katika tundu lenye mpira unaoubana. Maji yanayotiririka juu ya waya hudondoka kabla ya kufika ndani, na panya, mijusi na sisimizi hukosa njia.

Ubora wa kinga hiyo haupimwi kwa macho. Kamisheni ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme imeweka kipimo kiitwacho IP, chenye tarakimu mbili. Ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. Kabati lenye alama ya IP55 huweza kuingiwa na vumbi kidogo tu lisilodhuru kazi ya mitambo, na hustahimili maji yanayorushwa kwa bomba kutoka upande wowote. Lenye IP65 haliingizi vumbi kabisa. Tarakimu ya pili ikiwa 6, linahimili bomba lenye nguvu zaidi. Vumbi la kiangazi kando ya barabara na mvua ya masika ya ubavuni, vyote viwili vimefikiriwa.

Hata hivyo, kinga hiyo yote hutegemea mpira ule mmoja wa mlangoni. Mlango uliopindwa kwa mtaimbo, hata ukirudishwa mahali pake, haubani tena. Mwizi aliyeshindwa kuiba naye ameacha ufa, na mvua ya kesho itamaliza kazi aliyoianza. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa hiyo kabati lililojaribiwa kuvunjwa, ingawa halikupotelewa na kitu, linahitaji kutolewa taarifa siku hiyohiyo.

Joto na unyevu

Uwanda wa Imbo una joto kuliko milima ya Bururi. Sanduku la chuma linaloachwa juani hupata moto wa nje, huku mitambo iliyomo ikizalisha moto wa ndani. Ndiyo sababu makabati mengi hupakwa rangi nyeupe au kijivu hafifu inayorudisha miale ya jua. Mengi huwa na kuta mbili zilizoachiana nafasi, au ukuta mmoja uliotandikwa ndani kitu kinachozuia joto, kama vile nyumba ya udongo inavyobaki na ubaridi mchana. Kisha huwekwa feni zenye chujio la vumbi, au kifaa kinachopoza hewa ya ndani bila kuichanganya na ya nje, au kiyoyozi kidogo mlangoni.

Kinachoteseka zaidi kwa joto ni betri. Betri za madini ya risasi na asidi hutengenezwa kufanya kazi vizuri katika nyuzi joto 20 hadi 25. Kanuni inayojulikana na mafundi ni kwamba kila joto linapozidi hapo kwa nyuzi 10, umri wa betri hupungua takriban nusu. Betri iliyotarajiwa kudumu miaka minane itachoka kwa minne. Basi mtu anayeanika nguo au dagaa juu ya matundu ya hewa, au anayerundika matofali na kuni ubavuni mwa kabati, anafupisha maisha ya betri bila kukusudia ubaya. Anayechoma takataka karibu nalo hujaza chujio kwa moshi na majivu, na feni hushindwa kuvuta hewa.

Usiku nako kuna shida yake. Chuma kikipoa, unyevu ulio katika hewa ya ndani hugeuka matone, kama yanavyotokea kwenye chupa ya maji baridi. Kwa hiyo kabati zuri huwa na kitundu cha kupumulia kilichofunikwa kwa utando unaopitisha hewa bila kupitisha maji, na baadhi yake huwa na kijoto kidogo kinachowaka ubaridi unapozidi. Chuma chenyewe hupakwa zinki kwanza, kisha rangi ya unga iliyookwa motoni. Mengine hutengenezwa kwa alumini, ambayo haishiki kutu. Mtoto anayechora jina lake kwa msumari juu ya rangi hiyo anafungua mlango wa kutu.

Radi na waya wa shaba

Wakazi wa ziwani wanazijua radi zetu. Mnara, kwa urefu wake, hupigwa mara nyingi. Ndiyo maana mnara, uzio na kabati vyote huunganishwa kwa waya mnene wa shaba uliofukiwa ardhini, ili nguvu ya radi ipite chini na kutawanyika. Ndani ya kabati huwekwa pia vifaa vya kinga ambavyo hukubali kuungua vyenyewe ili mitambo ipone.

Waya huo wa shaba huonekana kama kitu kisicho na kazi: haung'ari, hauna taa, wala ukikatwa simu hazizimi. Wapo wanaoukata na kuuza kwa kilo. Madhara hayaonekani siku ile. Yataonekana radi itakapopiga, na nguvu yake ikakosa njia ya kushuka. Hapo itaunguza mitambo, na anayejikinga mvua karibu na uzio anaweza kupoteza uhai. Anayeuza kilo mbili za shaba hiyo huuza pia usalama wa majirani zake.

Mkono wa mwizi

Waundaji wa kabati hawakumsahau mwizi. Bawaba zimefichwa ndani ili zisikatwe. Kitasa kimoja husukuma makomeo matatu, juu, kati na chini, ili mlango usiinuliwe kwa pembe. Ugumu wa kuta hupimwa kwa alama ya IK. Kabati la IK10 hustahimili kishindo cha uzito wa kilo 5 unaoangushwa kutoka urefu wa sentimita 40. Jukwaa la zege hushikilia kabati kwa boliti zinazofungwa kutokea ndani.

Zaidi ya hayo, kabati la kisasa hutoa taarifa lenyewe. Mlango ukifunguliwa, joto likizidi, maji yakiingia au umeme ukikatika, ujumbe huenda kwenye chumba cha uangalizi cha kampuni. Lakini hapo tuseme ukweli. Kengele inalia Bujumbura, zaidi ya kilomita 70 kutoka Rumonge, kwa barabara ambayo masika hukatwa na mito na maporomoko. Fundi akiwahi, atawahi baada ya saa kadhaa. Gari la polisi nalo haliwezi kuwa kwenye kila mlima. Jirani yupo mita 50 kutoka hapo. Hakuna kitasa wala kengele inayomshinda jirani aliyeamka.

Tunasisitiza pia juu ya betri, kwa kuwa ndizo zinazotamaniwa zaidi. Mitumbwi yetu huvua usiku kwa taa, na taa siku hizi huwashwa kwa betri. Vinyozi, wenye vibanda vya kuchaji simu na wenye paneli za jua nao huzihitaji. Mahitaji haya ni ya halali, na wengi wa wanaonunua ni watu waaminifu. Lakini betri kubwa na nzito, isiyo na risiti, inayouzwa usiku kwa bei ya kutupa, haina budi kuulizwa ilikotoka. Sheria ya Jinai ya Burundi, kama ilivyorekebishwa kwa Sheria Namba 1/27 ya tarehe 29 Desemba 2017, haimwadhibu mwizi peke yake. Humwadhibu pia anayeharibu mali ya mwingine na anayepokea mali ya wizi huku akijua. Dai risiti, iandike nambari ya betri, na umfahamu aliyekuuzia.

Kuna na hatari ya mwili. Betri ya asidi ikipasuliwa huunguza ngozi na macho, na vumbi la madini ya risasi hudhuru ubongo wa watoto hata likiwa kidogo. Betri ya lithiamu ikitobolewa huweza kulipuka moto usiozimika kwa maji ya ndoo moja. Haya si mambo ya kufanyia majaribio uani penye watoto.

Ziwa linapopanda

Yupo adui mmoja ambaye kabati halikuundwa kupambana naye. Katika miaka ya karibuni, hasa mwaka 2024, maji ya Tanganyika yalipanda na kuingia katika nyumba, masoko na bandari za mwambao wetu, Rumonge ikiwamo. Ziwa hili hupokea mito mingi, ilhali mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, Mto Lukuga, huko Kalemie upande wa Kongo. Mvua zikizidi kwa miaka mfululizo, maji hupanda na hukawia kushuka.

Alama za IP55 na IP65 tulizozieleza zinahusu maji yanayorushwa, si maji yanayolizunguka sanduku. Kabati la kuhimili kuzama hudai alama nyingine, ambayo tarakimu yake ya pili ni 7, na hata hiyo hupimwa kwa kina cha mita 1 kwa dakika 30 tu. Dawa ya mafuriko ni kuinua: jukwaa refu zaidi, au kuhamishia kabati mahali pa juu. Wazee wanaokumbuka ziwa lilifika wapi zamani wana elimu ambayo fundi mgeni hana. Kampuni inapokuja kuchagua kiwanja, wazee waitwe na wasikilizwe.

Maji yakishalizunguka kabati, mtu asilikaribie. Umeme wa volti 220 unaoingia humo huweza kupita majini na kumfikia asiyegusa chochote. Wazuieni watoto wasiogelee wala kuvua hapo, kisha mjulishe mkuu wa mlima ili REGIDESO na wenye mtambo wazime umeme.

Tunayowaomba, na tunayowajibika nayo

Kwanza, lijueni kabati la mlima wenu. Mkuu wa nyumba kumi ajue liko wapi na mlinzi wake ni nani.

Pili, mwoneni fundi bila kumwogopa na bila kumdhulumu. Fundi halisi huja na kitambulisho, hujulisha uongozi wa mlima, na hufungua kwa ufunguo. Havunji kwa mtaimbo. Muulizeni kwa adabu. Akishindwa kujieleza, itwe kamati ya pamoja ya usalama au kituo cha polisi kilicho karibu.

Tatu, msijichukulie sheria mkononi. Mshukiwa aliyepigwa hadi kufa hawezi kututajia anayenunua betri, na aliyempiga naye huwa mhalifu. Mara nyingine aliyedhaniwa mwizi ni fundi aliyetumwa usiku kuurudisha mtandao wenu.

Nne, mkikuta mlango wazi, msiingize mkono. Kumbukeni saa, sura na njia waliyopita wahusika, kisha mtoe taarifa. Mtandao ukiwa umezima, mtumeni kijana kwa miguu au kwa baiskeli. Taarifa iliyochelewa nusu saa ni bora kuliko isiyofika.

Nasi tuna wajibu wetu. Mwananchi anayeleta taarifa hatakiwi kulipa chochote, jina lake halipaswi kutajwa mbele ya anaowataja, na ana haki ya kurudi kuuliza taarifa yake imefikia wapi. Asiyetendewa hivyo na askari yeyote na apeleke lalamiko kwa mkuu wa kituo au kwa uongozi wa komine. Tunajua kwamba imani haiombwi kwa makala. Hujengwa kwa matendo.

Mwambao wetu una jamaa Baraka, Fizi, Uvira na Kigoma. Mama anayepokea fedha za mwanawe kwa Lumicash au EcoCash, mfanyabiashara wa mawese anayeuliza bei, mjamzito anayehitaji gari usiku, na yule mvuvi ambaye upepo umemgeukia, wote sauti zao hupita ndani ya sanduku lile la chuma. Mafundi wamelikinga na mvua, vumbi, joto na radi. Kulikinga na mkono wa mtu ni kazi yetu sote, sisi na ninyi.